Optimus wa Thao Tatu Pale Makutano: Ni Roboti ama Ni Mbuzi Kwenye Gunia?

 

Kama umepita Makutano pale Meru mjini saa za jioni, ama umeshuka steji Embu ukikata kuelekea soko, lazima umeziona. Roboti nyekundu na buluu zimepangwa juu ya gunia, katikati ya chaja za simu, soksi na vioo vya kujirembea. Huyo ni Optimus Prime wa Transformers. Kuna boksi zina jina lake, zingine zimeandikwa jina ambalo hata muuzaji hawezi kulisoma, lakini sura ni ileile. Hiyo ya gunia ni soo tano, na ukibargain utapewa na soo tatu. Sasa vuka barabara, ingia duka lenye kioo na taa. Utapata Optimus mwingine anafanana na yule kama pacha, amekaa ndani ya boksi safi, bei ni thao tatu na nusu. Ukiuliza mbona, unapewa mistari: "Hii ni orijino buda. Ni ya kukusanya. Weka tu kwa keja, baada ya miaka tano utauza mara mbili."

Hapo ndipo wasee wanapigwa. Na si wachache.

Hii stori ya kukusanya masanamu haijaanza na roboti. Mwaka wa 2025 ulikuwa mwaka wa Labubu, kale kadude ka manyoya na meno ka kampuni ya Pop Mart ya China. Kabla hata mbogi ya mtaa ijue orijino inauzwa ngapi, feki zilikuwa zimejaa hadi zikapewa jina lao, Lafufu. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitoa onyo kwamba hizo Lafufu zinatoka vipande ambavyo mtoto anaweza kumeza. Wauzaji nao walichukua somo lao hapo: ukiongeza neno "kukusanya" kwa mdoli, unaweza kuongeza sifuri kwa bei. Saa hii somo hilo limefika kwa roboti.

Wacha tupige hesabu kabla hata ya kufungua boksi. Hasbro, kampuni ya Marekani inayotengeneza Transformers pamoja na Takara Tomy ya Japani, hugawanya hizi roboti kwa saizi. Saizi ya kati inaitwa Voyager, roboti ya karibu inchi saba, na siku hizi huko Marekani inauzwa kama dola 35. Dola yetu imekaa karibu shilingi 129 kwa muda sasa. Zidisha. Hiyo ni 4,515. Hapo mzigo haujapanda ndege, haujalipiwa ushuru wa forodha wala VAT ya 16%, mwenye stoo Nairobi hajakula, gari ya Tea Room haijalipwa kubeba, na mwenye duka hapo Meru hajaweka yake ya kodi. Sasa niambie, huyo anayekuuzia mpya, kwa boksi, thao tatu na nusu, ni mjomba wako? Anakupenda sana?

Hiyo bei ndiyo mtego, na imepangwa kijanja. Ingekuwa soo tano ungejua ni feki, ucheke, ununue ama uende. Ingekuwa thao saba ungeogopa. Thao tatu na nusu ni ile bei ya kukufanya uhisi umepata ofa. Kwa msee wa kibarua hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Kwa mwanafunzi wa MUST ama University of Embu ni chakula cha wiki mbili, kama anajua kupika.

Lakini usikimbilie kusema "basi feki zote ni takataka." Ubora wa roboti hauko kwa neno orijino. Uko kwa viungo, plastiki na rangi, na hivyo vitatu unaweza kuvipima na mikono yako hapo dukani kwa dakika chache.

Anza na maandishi, lakini si ya boksi. Boksi inachapishwa na mtu yeyote mwenye mashine. Pindua roboti yenyewe, tafuta chini ya mguu, ndani ya paja ama mgongoni. Orijino ina maandishi madogo yaliyozama ndani ya plastiki: jina la Hasbro, mara nyingi na la Tomy, mwaka, na nchi ilikotengenezwa. Feki nyingi zimefutwa hapo, na utaona kipande laini cha mstatili mahali jina lilikuwa. Hicho kilaini kinasema mengi. Na usidanganyike na "Made in China", eti ndiyo alama ya feki. Orijino pia zinatengenezwa China, na zingine Vietnam. Hata ule mwaka uliochorwa ni mwaka wa dizaini kusajiliwa, si lazima uwe ndio mwaka roboti yako ilitoka kiwandani.

Hii vita ya feki ni ya kitambo, kwa taarifa yako. Transformers zilianza kuuzwa Marekani 1984, na kufikia 1985 Hasbro walikuwa wameweka kastika kadogo keusi kwa mwili wa roboti. Ukikasugua na kidole, joto linafanya uso wa Autobot ama Decepticon utokee. Sababu moja ilikuwa mtoto aweze kujua kama yake ni ya ukweli. Miaka arobaini baadaye na bado tunasugua.

Sasa njoo kwa viungo, na hapa usiharakishe, juu hapa ndipo pesa yako iko.

Mfungue awe gari, kisha mrudishe awe roboti. Optimus wa 1984 ana uso bapa kama Fuso ya kubeba ndizi kutoka Nkubu. Yule wa filamu ya 2007 ana pua ndefu, ni lori la Peterbilt, na dizaini yake ina vipande vingi vya kukunja kuliko ule wa zamani. Akiwa gari, angalia mstari wa katikati ya kifua. Vioo viwili vya mbele vinakutana sawasawa, ama kuna pengo unaweza kupitisha ukucha? Magurudumu yote yanagusa meza? Feki nyingi za bei ya chini hunakiliwa kwa kuchukua roboti ya ukweli na kutengeneza kalibu kutoka kwake. Plastiki ikipoa huwa inasinyaa kidogo, kwa hivyo kopi inatoka ndogo kiasi kuliko mama yake, na vile vimistari vidogo vya mwili vinapoteza makali. Pini ya goti nayo inabaki imelegea ama imebana hadi inapasua. Ndiyo maana ukimkunja feki unasikia mlio wa kuvunjika, na ukimkunja orijino unasikia "tik, tik, tik" ya meno ya ndani yanayoshika kila hatua.

Msimamishe kwa mguu mmoja. Mnyooshee mkono mbele, mpe bunduki yake ashike, kisha mwache hivyo ukiendelea kupiga stori na muuzaji. Baada ya dakika mbili angalia tena. Mkono ukiwa umeshuka kama bendera siku haina upepo, hiyo ni sanamu ya kulala, si ya kusimama kwa rafu ya keja yako.

Hapo ndipo utaambiwa ile kauli ya pili: "Beba uhisi uzito, hii ni chuma." Skiza. Ni kweli roboti za zamani zilikuwa na vipande vya chuma, na ni kweli wasee wengi tumelelewa tukijua kizito ni kizuri, kuanzia sufuria hadi jembe. Lakini kwa roboti, uzito wa mkono unabebwa na bega. Ukiweka chuma kwa mkono na bega likabaki plastiki laini, umeunda tatizo. Chuma inafaa ikiwa miguuni, inamshikilia chini. Ikiwa mikononi na kifuani bila kiungo cha maana, baada ya mwezi Optimus ataanza kuinama kama mzee wa jaba saa kumi na moja asubuhi.

Na ukweli usemwe, kuna feki moto. Kampuni ya Wei Jiang ya China ilikuwa ikichukua dizaini ya Optimus wa filamu, inaikuza iwe kubwa kuliko ya Hasbro, inaongeza chuma na rangi zaidi. Wakusanyaji wenye orijino kwa rafu walinunua, wakasema wazi inashinda ya kampuni kwa sura. Ni kunyakua kazi ya mtu, hiyo haina mjadala, lakini mkono haudanganyi. Shida yako wewe wa Meru ni kwamba yule wa duka la kioo hakuuzii hiyo. Anakuuzia ile ya gunia iliyobadilishwa boksi.

Orijino nazo si malaika. Hasbro hupunguza plastiki kwa kuacha mikono na mapaja wazi upande wa nyuma, ukigeuza unaona uwazi kama mfereji. Kuna matoleo ya miaka ya 80 na 90 yaliyotumia plastiki ya rangi ya dhahabu yenye chembe za kung'aa, na hiyo plastiki inaoza yenyewe. Unaishika baada ya miaka mingi inavunjika kama biskuti, hata kama haijawahi kuguswa. Nyeupe nazo zinageuka manjano zikikaa kwa jua. Kwa hivyo yule jamaa anayepanga roboti zake dirishani zipigwe na jua la Embu kutwa nzima, feki ama orijino, anaziua. Ukienda chini huko Kiritiri na Siakago, ongeza vumbi. Likiingia kwa kiungo linasaga kama msasa, na ile "tik tik" inaisha.

Plastiki yenyewe ipime na pua. Roboti nzuri mpya ina harufu kidogo, kisha inaisha. Ile inayokugonga kama slipa mpya za mpira zilizofungiwa kwa stoo, na mwili wake unateleza kama umepakwa mafuta, hiyo imejaa dawa za kulainisha plastiki, na kwa joto zinaendelea kutoka hadi zinanata vidole. Kisha chukua tishu, ilowe maji kidogo, sugua nyekundu ya kifua. Tishu ikitoka na rangi, rudisha.

Kama sanamu ina uso wa mtu, tumia macho. Mfano mzuri ni Lupita Nyong'o wetu. Hasbro walimtoa kama Nakia mwaka wa 2018 kwa mkusanyiko wao wa Marvel Legends, filamu ya Black Panther ilipotoka. Kwa orijino, sura inachapwa na mashine na macho yote mawili yanaangalia mahali pamoja. Kwa feki, jicho moja linaangalia Maua na lingine Nkubu. Roboti zimebahatika hapo, hazina mboni, ndiyo maana feki zake ni ngumu kujulikana kwa picha ya WhatsApp. Usinunue roboti kwa picha.

Sasa kuna jambo halina utani. Kama unanunulia mtoi, sahau kukusanya kabisa.

Nyingi ya zile roboti za gunia zinawaka taa na kupiga kelele. Ndani yake kuna betri ndogo bapa kama kifungo cha shati. Angalia mlango wa betri. Una skrubu? Kama unafunguka na ukucha, usiipeleke nyumbani kwenye mtoto mdogo. Hiyo betri ikikwama kooni inaweza kuchoma nyama ya ndani kwa masaa mawili tu, na kutoka vijiji vya huko juu hadi hospitali yenye vifaa vya kuitoa, masaa mawili yanaisha ukiwa bado kwa barabara. Kisha vuta ngumi, vuta bunduki, vuta vile vibomba vya moshi. Viwango vya kimataifa vya vifaa vya watoto hutumia kopo la kupimia lenye upana wa milimita 31.7, pana kidogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini. Kipande kinachoingia chote ndani ya hilo kopo hakifai mtoto wa chini ya miaka mitatu. Na ile rangi iliyotoka kwa tishu, mtoto ataitoa na ulimi. Kenya iliweka kikomo cha risasi kwa rangi kuwa sehemu 90 kwa milioni mwaka wa 2018, lakini roboti isiyo na jina la kiwanda haikwambii imepakwa nini.

Utasema, si kuna KEBS? Iko. Bidhaa za nje zinatakiwa kuwa na stika yao, na kuna namba ya SMS, 20023, ya kuuliza kama namba ya kibali ni ya kweli. Tumia, ni dakika moja. Ila jua stika inazungumzia kiwango, haisemi roboti ni ya Hasbro. Mambo ya feki yana sheria yake, ya 2008, na mamlaka yake ya kupambana na bidhaa bandia. Katiba nayo, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari unazohitaji kuhusu unachonunua. Hiyo ya habari ndiyo ninayoipenda. Feki inayouzwa soo tatu juu ya gunia, mwenyewe akikwambia "hii ni ya kawaida tu, ya mtoto kuchezea," huyo amekuwa muwazi kwako, hata kama mwenye dizaini huko Marekani angemshtaki. Yule wa boksi safi na hadithi ya miaka mitano ndiye anakuibia wewe.

Na hiyo hadithi ya miaka mitano tuimalize. Optimus wa 1984 aliye ndani ya boksi ana bei kwa sababu watoto wa 1984 walirarua boksi, wakamcheza hadi akavunjika. Waliobaki wazima ni wachache. Leo kila mtu ameambiwa aweke boksi, kwa hivyo baada ya miaka mitano kutakuwa na maboksi kibao na wanunuzi ni walewale. Juu ya hiyo, Hasbro na Takara Tomy wamerudia kumtoa yule wa 1984 mara kadhaa. Utamuuzia nani, na wapi, hapo Dallas Embu? Na feki ndio hata mnada hautakupokea. Nunua kwa sababu unampenda, ama usinunue.

Kama unampenda kweli na mfuko ni mdogo, nikushow mahali pa kuangalia. Enda kwa mitumba. Pale Gakoromone, na soko la Embu siku mzigo umefunguliwa, kuna wale wanauza midoli na magari ya watoto kwa rundo, vitu vilivyotoka Ulaya na Marekani kwa marobota kama nguo. Hakuna boksi, hakuna kioo, hakuna mtu wa kukupa hadithi. Lakini Hasbro iliyochezewa na mtoto wa huko ina nafasi kubwa ya kuishia kwa hilo rundo kuliko kwa duka la taa, na muuzaji hatengi roboti na dinosau, zote ni soo moja, soo mbili. Pindua miguu, soma maandishi, sikiliza "tik tik." Bunduki itakuwa imepotea na kidole kimoja kimekatika. Ioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushe kivulini, basi. Ukitaka mpya kabisa, oda Nairobi kwa mtu anayekutumia picha ya chini ya mguu bila kulalamika, na ujipange na zaidi ya thao sita.

Na ukirudi kwa lile duka la kioo, mwombe mwenyewe afungue boksi mbele yako kabla hujaweka namba ya Till. Atakwambia ikifunguliwa inapoteza thamani. Mwambie utalipia boksi kando, soo moja, akufungulie uone mguu. Akikataa, simu irudi mfukoni.